Mimba Niliyokuandikia Haikuwepo

Shambani, Eldoret

Kwa Mama yangu mpendwa,

Dada Raheli, tafadhali msomee Mama barua hii mkiwa wawili tu jikoni. Baba asisikie, wala mwalimu anayekusomea barua siku zote.

Mama, nakusalimu sana. Mgongo umepata nafuu? Huku baridi ni kali lakini tunaishi, na mume wangu Zakayo ni mzima.

Ile mimba niliyokuandikia haikuwepo. Usifunge safari.

Nilidanganyika hivi. Sisi wake wa wafanyakazi hufulia vitambaa vya mwezi chini mtoni, mahali wanaume hawafiki. Nilipokosa kuonekana huko miezi mitatu, wenzangu wakapiga vigelegele. Jirani yangu Mama Yunia akaninyang'anya mzigo wa kuni. "Wewe uko na mtoto, keti chini!" Mimi najua mwezi wangu haujawahi kuwa na mpango, huja ukitaka. Lakini nani angekataa furaha kama ile? Hata Zakayo alianza kuniachia nyama yake. Nikakuandikia.

Kisha damu ikaja tukivunja mahindi. Siku kumi na moja, Mama. Nilikunja vipande vya mifuko ya unga vitatu vitatu, vikalowa kabla jua halijapanda. Nikajifunga shuka nyeusi juu ya rinda, nikaendelea na kazi, maana ningemwambia nini nyapara? Siku ya tisa nilianguka katikati ya mahindi. Zakayo alinibeba mgongoni hadi barabarani, tukapata mkokoteni wa ng'ombe wa kutufikisha hospitali mjini.

Nesi wa pale ni mama mtu mzima wa kwetu magharibi. Hakunificha. "Hapa hakuna mimba ilitoka, mtoto wangu. Ni damu ya mwezi tu, na imekumaliza." Alinipa vidonge vya kuongeza damu, akaniambia nile maini na mboga za majani, na nisikae tena siku nyingi hivyo bila kurudi kwake. Nikamwuliza kama nitazaa. Akasema wengine huzaa, wengine huchelewa. Nililia pale kitandani bila haya.

Zakayo hajanitolea neno baya. Ila siku hizi anakula haraka na kutoka nje. Mama yake ametuma salamu kwamba huko kwao wasichana bado wapo. Naogopa, Mama.

Nisalimie Baba, mwambie niliumwa kidogo tu. Msalimie na shangazi anayeshona, asiimalizie ile nguo ndogo.

Sasa nakuuliza jambo ambalo hatujawahi kulisema. Zile siku ulizokuwa ukilala ukituambia ni malaria, nami nikikuta beseni limefunikwa nyuma ya nyumba, ilikuwa hii? Kama ilikuwa hii, mpe Dada maneno aniandikie. Niambie ulifanya nini. Niambie mimi ulinipataje.

Ni mimi wako,
Selina