Taa ya Kupimia Waya

Mukuyuni,
Alhamisi, 21 Agosti 1986.

Kwa dada yangu mpendwa Ndila,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na shemeji Kisilu na watoto wote hapo Kitui. Je, kile kikohozi kilichokulaza mwezi wa Juni kimekwisha? Huku tu wazima wa mwili. Mvua haikutosha na mbaazi zimekauka zikiwa bado na maua, lakini ghalani tuna mahindi ya kutufikisha Novemba. Mama anashukuru sana kwa kitenge. Amekikunja na kukiweka, anasema atakivaa siku utakayokuja muende kanisani pamoja.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza Baba ana nini, maana Mama alikuandikia kwamba hataki kula, haendi sokoni, na amefunga karakana. Nimechelewa kukujibu, na si kwa kukosa nafasi. Nilikuwa naogopa.

Unakumbuka nilivyokueleza habari za punda wa Kalunde mwezi wa Machi. Baba alimgonga kwenye ile njia ya mtoni, mitungi ya maji ikatawanyika, naye akaendelea na safari mpaka nyumbani, akashuka akilalamika kwamba barabara imejaa mashimo. Hakuwa amemwona punda, wala Kalunde mwenyewe aliyekuwa hatua mbili nyuma yake. Punda hakupona. Kalunde alinihurumia, akanyamaza, na Baba hajui mpaka leo. Wewe ukaniandikia kwamba nifiche ufunguo wa gari. Niliuficha. Baba hata hakuuliza uko wapi. Aliingiza mkono chini ya dashibodi, akaunganisha nyaya kwa kupapasa tu, na ile Pijo ikanguruma kabla sijamaliza kuvaa viatu. Mtu aliyetengeneza nyaya za malori Kibwezi kwa miaka thelathini utamzuia kwa ufunguo? Nikaurudisha mahali pake.

Katikati ya Mei gari likakataa kuwaka. Stata ilizungusha injini vizuri, lakini injini haikushika. Dada, Baba alifurahi. Alivaa ovaroli kabla ya chai, akafungua boneti akiimba wimbo wa kanisani. Alisafisha vichwa vya betri, akakaza waya wa arthi, kisha akatoa plagi moja na kuilaza juu ya injini tuone kama itatoa cheche. Haikutoa. Akaniambia nilete taa ya kupimia. Unaijua ile, balbu ndogo yenye nyaya mbili, mmoja unabanwa kwenye bodi ya gari na mwingine unagusishwa pale unapotafuta moto wa betri. Zamani hakuna aliyeruhusiwa kuishika. Siku hiyo alijaribu kuitazama mwenyewe. Aliikinga jua kwa kofia, akaisogeza mpaka karibu na pua, halafu akanipa.

Akaingia kwenye usukani na kuwasha swichi, akauliza kama balbu inawaka pale moto unapoingilia kwenye koili. Nikajibu kwamba inawaka. Akaniambia nihamishe waya upande wa pili, unaokwenda kwenye distribyuta inayogawia plagi moto, nitazame vizuri yeye akizungusha stata.

"Ikiwaka na kuzima, huko hakuna kilichoharibika," akasema. "Ikiwaka tu bila kuzima, kuna waya umekatika ndani ya distribyuta, na kabla ya saa nne tutakuwa barabarani."

Akazungusha. Nikamwambia inawaka na kuzima.

Basi akaiacha distribyuta, akaanza kutafuta kwingine. Alibadilisha koili. Alibadilisha kondensa. Aling'oa dashibodi nzima, akatandaza nyaya juu ya magunia uani na kuzipapasa moja moja kwa vidole kama mtu anayechambua ndengu. Wiki tatu, Ndila. Kila jioni alirudisha kila kitu, akazungusha stata, na injini ikakataa. Kile kipimo cha distribyuta alikirudia mara nne, na mara zote nne jibu langu lilikuwa lile lile. Mara ya mwisho alibaki kwenye kiti cha dereva mlango ukiwa wazi, miguu nje. Akamwambia Mama kwamba vyombo vyote ni vizima na gari haliwaki, kwa hiyo kilichoharibika ni kichwa chake.

Mwezi wa Julai akaja Bwana Hared, yule wa malori ya ng'ombe wa kutoka Garissa, ambaye tangu Kibwezi hajawahi kuruhusu fundi mwingine aguse nyaya zake. Lori lake lilikuwa limepoteza taa za mbele. Baba alimpa mkono, akamwagizia chai, kisha akamwambia akatafute kijana huko barabara kuu, kwa sababu yeye kazi ameisahau. Bwana Hared alicheka. Alipoona Baba hacheki, aliinamia kikombe chake, akamaliza chai pole pole na kuaga. Tangu siku hiyo Baba alikuwa anakaa ndani. Muthokoi ilikuwa inarudi jikoni sahani ikiwa nusu, na ovaroli Mama aliifua, akaikunja, akaiweka sandukuni bila kuambiwa.

Sasa nikwambie lile ninaloliogopa. Gari halikuharibika lenyewe. Ni mimi niliyefungua distribyuta Baba akiwa mkutanoni, nikapasua mpira wa ule waya mdogo wa ndani, nikakata shaba na kuubana mpira ukarudi ulivyokuwa. Na ile balbu, dada yangu, haikuzima hata mara moja. Iliwaka tu, wazi kabisa, mara zote nne. Baba alikuwa ameipata ile shida siku ya kwanza, hata jua halijawa kali. Nilijiambia kwamba nawaokoa watu wa njia ya mtoni, na huenda ni kweli. Lakini niliogopa kumwambia kwamba haoni, nikaona ni rahisi zaidi kumwacha aamini kwamba hajui.

Jumapili iliyopita, Mama akiwa bado kanisani, niliketi mbele yake nikamweleza yote, isipokuwa punda. Hilo lilinishinda. Hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu, kama siku ile ya kwanza balbu iliwaka bila kuzima. Nikasema ndiyo.

"Basi nilikuwa sawa," akasema.

Akainuka, akanawa uso, akala chakula chote. Jioni alimwambia Mama atoe ovaroli, na Jumatatu waya mpya ulikuwa umeshaingia. Sasa ni Mama anayemwangalizia ile taa ya kupimia. Wameinama pamoja chini ya boneti, Mama anatangaza inawaka, imezima, na ninawasikia wakicheka. Gari linawaka, lakini ufunguo amempa Mama mwenyewe kwa mkono wake, akasema halitatoka mpaka macho yake yatazamwe. Ametuma watu wamwambie Bwana Hared kwamba karakana iko wazi.

Kwangu mimi hajasema neno tangu Jumapili. Nikiingia, anatoka. Nilimwomba Mama amwambie kwamba niko tayari kumsindikiza kwa daktari wa macho. Jibu lilirudi kupitia kwa Mama vile vile, kwamba atamngoja Ndila.

Kwa hiyo nakuomba, dada, ujipange uje kumchukua kabla Septemba haijaisha. Usinitetee kwake. Habari za punda umwambie wewe akishatibiwa, au uniachie mimi, utakavyoona ni vyema.

Wasalimie watoto, na umwambie shemeji Kisilu kwamba mbegu alizoomba nimemwekea. Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu, nimeambiwa na Mama.

Ni mimi ndugu yako,
Nzomo.