Risasi Zinazofunguka na Kitanda cha Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie maana usingizi wangu umevurugika na sina wa kumwambia. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, mume wangu ana duka la simu na tunaishi nyuma yake, na tangu tuvunjiwe ana bastola yenye kibali, sasa juzi kaleta risasi za aina nyingine, zile zikiingia mwilini zinafunguka na kuchana nyama, nikamwambia hizi hata vitani zimekatazwa, akacheka, akasema, "Vitani mama yangu hayuko nyuma ya ubao," maana mama mkwe analala nyuma ya ubao mwembamba unaotenga duka na chumba, na risasi ya kawaida ingemtoboa mwizi ikamfikia na yeye, lakini hizi zinabaki humo humo. Ila majeraha ya risasi kama hizo mimi nimeyaona, nimesimama juu ya mgonjwa mpaka pamba zikaisha, na sasa kila nikilala naota nipo kazini, chumba kimejaa maji ya uvuguvugu, mikasi inaelea taratibu, nafunua shuka namkuta shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, yule ambaye tangu utotoni huingia kwa mlango wa uani bila hodi, ananiuliza kama chakula kimebaki. Nampenda mume wangu. Je, nimwachie risasi zake?

Muuguzi Asiyelala

Pole sana, mwanangu. Mumeo si katili, hoja yake ina uzito, na wapo hata polisi wanaozitumia kwa sababu hiyo hiyo. Vitani zilikatazwa kwa kuwa askari akishapigwa hawezi tena kupigana, kumchana zaidi ni kumtesa bure. Na mwizi naye ana mwili kama huo unaoushona wewe.

Lakini nyie watu wazima wawili mnabishana risasi gani itumike, na mama wa watu mmemwacha nyuma ya ubao? Hivi kitanda hakibebeki? Mhamisheni leo, kisha mjenge ukuta wa matofali. Ukuta ukisimama, sababu ya mumeo imekwisha, azirudishe alikozitoa. Mpaka hapo bastola ikae imefungiwa. Na shemeji aanze kupiga hodi, hata akinuna.

Mkishatulia, mwambie mumeo hivi: amemfikiria sana aliye nyuma ya mwizi, wala hajajiuliza huyo mwizi atakuwa nani. Msimulie ndoto yako yote, mpaka pale mdogo wake anapoulizia chakula.