Kabla Hujaingia Kantini

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Mama miguu inamsumbua, ila mdomo haujambo: jana kamfokea muuza maji mpaka akasahau chenji. Wifi na watoto wanaendeleaje? Barua hii nimempa dereva wa lori mkononi, maana simu yangu hushikwa na mdogo wetu Kibonge. Isome yote kabla hujaingia kazini, ni ya uhai wako.

Unakumbuka baada ya mlipuko wa stendi polisi waliwazoa mafundi wa kuchomelea mtaa mzima, kisa kipande cha bomba kilichookotwa pale. Kibonge alikuwa anachomelea kitanda cha bibi harusi. Ulijaribu kumsemea, wakubwa wako hapo polisi wakakwambia ushughulike na sufuria zako. Akarudi na mkono wa kulia usioweza kushika hata kikombe. Hakuna aliyemwambia pole. Sisi tukashukuru karudi, tukadhani yameisha.

Wateja walimkwepa. Kwa kina mchumba wake wakasema hawataki maneno. Mama naye, kwa kuwaonea haya majirani, akamwambia wageni wakija apitie mlango wa uani. Kwao, kaka! Nami nikawa namfungulia huo mlango.

Waliopita mlango wa mbele kumjulia hali ni wanaume wawili, wapole, wenye adabu zao. Walimpeleka kwa daktari, na walimwita fundi wakati sisi tulishaacha. Niliwapikia chai. Nikawasikia wakimwambia kwamba aliyemvunja mkono analala vizuri na amepandishwa cheo, nikajisemea moyoni kuwa si uongo.

Wiki hii amechangamka. Kamtengenezea mama kitasa kwa mkono wa kushoto, kawaomba majirani msamaha kwa yote. Akaniuliza ni siku gani kantini yenu ya polisi hujaa. Mimi na kiherehere changu nikamwambia siku ya gwaride ndiyo unayolalamikia, askari wote hula kwa pamoja.

Leo nikifagia chumba chake nimekuta mvunguni mabomba yaliyozibwa, pamoja na mfuko wa misumari. Nilimuuliza, na kaka anayepika pale je? Akasema atakupigia asubuhi hiyo usiende. Akalia, akaniapisha. Nikaapa.

Gwaride ni keshokutwa. Usingoje simu yake. Nenda kwa mkubwa wako, mtaje jina, waonyeshe nyumba yetu. Nimelia mpaka basi. Humo kantini wamo wasiowahi kumgusa mtu, nao wana mama zao. Nakutuma kwa walewale waliomharibu, najua, na sijui njia nyingine. Waombe wamchukue akiwa hai, wasimpige risasi mbele ya mama.

Mama hajui lolote. Anadhani nakuandikia salamu tu. Naye anakusalimu sana, anasema umshukuru Mungu, Kibonge amerudi kuwa mwanawe wa zamani.

Wasalimie watoto.

Ni mimi mdogo wako, dada yake Kibonge.