Safari ya Nzega kwa Kete Moja

Mtendeni,
S.L.P. 212,
Tabora.
14 Juni 1973

Mpendwa Kaka Shaban,

Shikamoo. Habari za Mtwara, na kile kifua chako kimepoa? Sisi wazima, ila vumbi la kiangazi linatupigisha chafya nyumba nzima.

Kaka, sikukuambia kwamba Mama alikuwa ameacha kisomo cha watu wazima. Alisingizia macho, lakini mimi namjua: aliona haya kukosea mbele ya wanawake ambao angeweza kuwazaa. Na mwalimu wa darasa lile ni mimi! Iliniuma, maana hamu yake kubwa ni kusoma barua zako bila kumwita jirani.

Basi semina ya walimu wa kisomo ikatufundisha kutengeneza michezo ya kusomea. Bwana Hilari, mkufunzi wetu, alitusihi mchezo wa kwanza uwe mdogo. Mimi nisikie? Nilichora njia nzima ya misafara juu ya katoni nne za sabuni: Ujiji hadi Bagamoyo, vituo arobaini, mafuriko, hongo za watemi, wapagazi wagonjwa. Kila mtu na kete yake, anaisogeza akisoma neno kwenye kadi; mshindi ni wa kwanza kufika pwani. Nikambembeleza Mama aje kutazama tu, wenzake wakampa kete.

Wee! Mama alikwama kituo cha pili, na darasa zima likakwama nyuma yake. Mwenzake mmoja, Apolinaria, alisoma kadi tano sawasawa, akakataa kusogea.

"Nimpite mama? Kwani mie sina adabu?"

Hadi adhana ya alasiri hakuna aliyeiona hata Tabora. Mama akarudi nyumbani akisema yeye ni mzigo kwa wenzake. Siku ile sikula.

Mtaka yote hukosa yote. Nikachora upya safari fupi, Tabora hadi Nzega, vituo kumi, na kete moja ya wote. Anayesoma kadi anaisogeza; akishindwa, wenzake wanamsaidia. Mama aliposikia hakuna wa kuachwa nyuma, akarudi darasani. Ujamaa wenyewe huo! Mwezi uliopita kadi ya kutufikisha Nzega ilimwangukia Mama. Akaikodolea macho: a, sa, li. Asali! Alipiga kigelegele kabla yetu, nami nikalia mbele ya wanafunzi wangu.

Sasa hakosi hata siku moja, na ole wangu nikichelewa.

Nisalimie wifi Mwanahawa, umbusu Abbasi wetu. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Nduguyo akupendaye sana,
Batuli

Hapa chini ameandika Mama. Sikumshika mkono.

Shaban mwanangu hujambo. Barua yako nimesoma mimi. Mama.