Dakika Tisini za Miguu

Ziwani, Nairobi
9 Aprili 1981

Bi. Jecinta mpendwa,

Naomba unisaidie, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujakasirika, kwa sababu swali langu la kwanza litaonekana la kijinga, nalo ni hili, mtu anayeinua vyuma anapaswa kukifanyisha kazi kiungo kimoja cha mwili kwa muda gani, yaani kifua dakika ngapi, mikono dakika ngapi, miguu dakika ngapi. Kama ningeliuliza mwezi wa pili nisingekuwa ninaandika barua hii leo, na shemeji yangu Maingi hangekuwa amelala pale hospitali amevimba uso mpaka mtu asiyemjua angedhani ni mtu mnene.

Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja Industrial Area, nina miaka ishirini na saba, na katika jumba la mikutano la mtaa wetu kuna chumba cha nyuma ambacho wanaume kama kumi tunakitumia kuinulia vyuma, chuma chetu kikubwa ni ekseli ya lori na uzito wa pembeni ni madebe ya mafuta ya kupikia tuliyojaza saruji, hatuna mwalimu, kila mtu alikuwa akifanya anavyojua mpaka nikanunua gazeti la Kiingereza la watu wenye misuli kutoka kwa wale wanaouza vitabu vikuukuu kando ya barabara, na ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja wenye orodha, kifua dakika sitini, mgongo sitini, mabega arobaini na tano, mikono arobaini na tano, miguu tisini. Sehemu ya juu ya ukurasa ilikuwa imeraruka. Nikawasomea wenzangu, nikawaambia hiyo ndiyo hesabu ya siku, leo miguu kesho kifua, tukaiandika ukutani kwa chaki, na tangu siku hiyo wakaanza kuniita Mwalimu, na mimi, Bi. Jecinta, kazini kwangu naitwa kijana wa stoo, kwa hiyo jina hilo lilinikaa vizuri sana.

Baada ya wiki moja hivi nilikuwa nyumbani nikilikunja lile gazeti, nikaona pale paliporaruka zimebaki herufi mbili za mwisho za neno fulani, herufi e na k, na mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, ninajua kwamba neno la Kiingereza la siku haliishii hivyo na neno la wiki linaishia hivyo. Nilikaa kitandani nikaangalia zile herufi mbili. Nilijua kwamba dakika zile zilikuwa za wiki nzima, si za siku moja. Nikajiambia huenda ni neno jingine, na tena wenzangu hawajaumia, wanalalamika kidogo tu na wengine huacha katikati nikiwa sitazami, na nikijirudi sasa nitaitwa nani, basi nikaliweka lile gazeti chini ya godoro na sikumwambia mtu.

Sasa Maingi. Maingi amemwoa dada yangu Nthoki, anatengeneza viatu vya tairi pale soko la Kariokor, anakaa kwenye kigoda kutwa nzima akikata mpira, kwa hiyo mikono yake ina nguvu lakini miguu ni myembamba, na wenzake sokoni humtania kwamba kiwiliwili chake na miguu yake vilitoka kwa mama mbalimbali. Alikuwa akicheka nao, lakini siku moja akaniambia nyumbani kwao, "Shemeji, nataka miguu. Nthoki atajifungua mwezi wa sita, nataka mtoto akute baba mzima." Dada yangu akacheka akasema, "Mpeleke, Munyoki, labda atapunguza kuniuliza kama suruali inamkaa." Nikampeleka Jumamosi, mchana, baada ya kazi.

Hakuwa amewahi kuinua chuma maishani mwake. Nikamwekea ekseli mabegani, nikamwambia achuchumae na kuinuka, achuchumae na kuinuka, nami nikasimama mbele yake na saa yangu ya mkononi. Wenzangu Amolo na Gichuru walikuwapo wakifanya vifua vyao. Zilipofika dakika thelathini akaniambia, "Shemeji, naomba maji kidogo." Nikamwambia, "Maji utakunywa ukimaliza, sasa yatakuharibia tumbo." Sijui nilikotoa neno hilo, halikuwa hata kwenye gazeti. Zilipofika sitini akasema, "Miguu siisikii tena." Nikamwambia hapo ndipo inapojengeka. Yeye si mtu wa kubisha, Bi. Jecinta, ni mtu ukimwambia jambo analifanya, akaendelea, alikuwa anatetemeka na anapumzika kidogo na kuendelea, mpaka zikafika tisini, na alipoiweka ekseli chini akanishika bega akasema, "Asante, Mwalimu." Kisha akashindwa kushuka ngazi mbili za mlangoni, tukambeba, tukicheka, yeye pia akicheka.

Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu Nthoki akaja kazini kwangu mpaka getini, akaniambia mapaja ya Maingi yamekuwa magumu kama gogo na mkojo wake una rangi ya kahawa. Tukampeleka kwenye zahanati ya karibu, na pale wakauliza amekulia wapi, Nthoki akasema Kitui, kando ya mto, wakasema basi ni kichocho, wakampa dawa ya kichocho. Yule bwana wa zahanati alituuliza, "Kuna jambo lolote alilofanya siku hizi, labda ameanguka?" Maingi alikuwa amelala macho amefumba. Nthoki akanitazama mimi. Nikasema, "Mazoezi kidogo tu." Nilisema hivyo, mazoezi kidogo tu, tukarudi nyumbani na dawa ya kichocho kwa siku mbili, na siku ya tatu akaacha kukojoa kabisa.

Katika hospitali kubwa daktari alimbonyeza mapaja akasema nyama ya miguu imevunjika ndani kwa ndani na uchafu wake umeingia kwenye damu na kuziba figo. Akauliza alibeba mzigo gani mzito namna hiyo. Nthoki, aliyeamini neno langu la mazoezi kidogo tu, akasema pengine tairi kule sokoni, na mimi nikanyamaza. Sasa ni wiki ya tatu. Wanamsafisha damu kwa mashine, mashine ikipatikana, na daktari anasema figo huenda zikaamka na huenda zisiamke, hasemi zaidi ya hapo. Nthoki ana mimba ya miezi saba, anakaa pale kila saa ya kuwaona wagonjwa, na juzi alinishika mkono mbele ya mama mkwe wake akasema, "Kama si Munyoki ningekuwa peke yangu."

Maingi mwenyewe pia hajui kwamba dakika zile zilikuwa nyingi mno. Anajilaumu yeye. Jumapili aliniambia kwa sauti ndogo, "Nilikuaibisha mbele ya wenzako, miguu yangu ni dhaifu. Nikitoka hapa tutaanza na dakika ngapi?" Sikumjibu kwa sababu sijui jibu, na ndiyo maana swali la kwanza nililokuuliza ni lile.

Lingine ni kwamba Amolo na Gichuru na wengine bado wanafuata ile orodha ya ukutani. Niliwaambia wapumzike kwanza, lakini sikuwaambia kwa nini, wakadhani ni huzuni. Wiki iliyopita nilikutana na Amolo akanisalimia kwa upole akasema, "Mwalimu, usijali, tumeongeza dakika kumi za miguu kwa heshima ya Maingi." Nilimwambia ahsante.

Siwezi kula. Kazini nimekosea kuandika mizigo mara tatu. Nikimwambia Nthoki nachelea mshtuko utaharibu mimba yake na nitakuwa nimewaua wawili, nisipomwambia kila anaponishukuru naona heri ningelala mimi pale. Wakati mwingine naona afadhali niondoke Nairobi kabisa, niende mahali nisikojulikana, au nisiwepo kabisa. Nifanye nini. Ukiichapisha barua hii tafadhali badilisha majina yote.

Niliyeitwa Mwalimu,
Ziwani.

JIBU

Ndugu wa Ziwani,

Majina nimeyabadilisha. Mengine nimeyaacha kama ulivyoyaandika, kwa sababu sitaki kukupunguzia.

Nianze na hilo neno lako la mwisho, la kutokuwepo kabisa. Leo hii, kabla hujafanya jambo jingine, mtafute mtu mmoja umwambie kwa mdomo ulivyoniandikia, awe kasisi wako, awe muuguzi wa wodi ile ile, na usilale peke yako chumbani mpaka umwambie. Nthoki ana mume mgonjwa na mimba ya miezi saba. Usimwongezee matanga.

Swali lako la dakika nimempelekea mwalimu wa mazoezi ya viungo na daktari mmoja, kila mmoja kwa wakati wake, na wamekubaliana. Vyuma havipimwi kwa saa ya mkononi. Unainua mara kumi hivi, unapumzika dakika mbili, unarudia mara tatu au nne, basi, umemaliza na kiungo hicho. Kwa misuli mikubwa kama mapaja, mgongo na kifua hiyo ni kama dakika kumi na tano hadi ishirini pamoja na kupumzika. Mikono, kumi inatosha. Kisha kiungo hicho kinaachwa siku mbili kabla ya kuguswa tena, na mazoezi yote ya siku moja yasipite saa nzima. Mtu mgeni afanye nusu ya hayo na chuma chepesi, hata fimbo tupu. Maji anakunywa kila anapoyataka. Mtu akisema haisikii miguu yake anaacha papo hapo, na mkojo ukibadilika rangi ni hospitali siku hiyo hiyo, na daktari anaambiwa kila kitu. Kwa Maingi jibu la swali lake ni sifuri, mpaka daktari wake aseme vingine.

Sasa wewe. Nilipofika pale ulipowasomea wenzako ukurasa ulioraruka nilikuhurumia, maana kukosea kusoma si dhambi, na hakuna aliyewafundisha. Nilipofika pale kitandani na zile herufi mbili, huruma ikapungua. Na pale zahanati ilikwisha kabisa. Uliulizwa swali moja na mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kumtibu shemeji yako, nawe ukasema mazoezi kidogo tu. Siku mbili zile hazikupotezwa na kichocho. Mpaka leo daktari wake anadhani mtu huyu alibeba tairi. Unamsikitikia Maingi huku unamficha daktari wake habari ya Maingi. Lione jambo hilo lilivyo.

Unasema unachelea mimba ya dada yako. Nimezaa wanne na mmoja nilimbeba wakati wa msiba, kwa hiyo nitakuambia wazi, unajificha nyuma ya mimba hiyo. Mwanamke ambaye mume wake amelazwa wiki tatu amekwisha kushtuka. Kinachomngoja sasa ni kulijua jambo hili kutoka kwako au kulisikia sokoni kutoka kwa mtu aliyelisikia kwa Amolo, nawe ukiwa umeshikwa mkono na kushukuriwa muda wote huo.

Habari ya Amolo na wenzake, barua yako ilinifikia Jumatatu na gazeti linatoka Ijumaa. Sikungoja. Nilikwenda mwenyewe mpaka Ziwani, nikamwona mwangalizi wa jumba hilo, nikamwambia kuna mtu yuko hospitali kwa sababu ya maandishi yaliyo kwenye ukuta wake. Sikutaja jina lako wala hakuniuliza. Alichukua kitambaa akafuta ukuta nikiwa nimesimama pale, kisha akafunga chumba. Nilimkuta Gichuru mlangoni, anatembea kwa kushika ukuta. Nimemtuma hospitali. Daktari ameniarifu kwamba mkojo wake ni mzuri, alikuwa na bahati tu. Hilo nimelifanya badala yako kwa sababu halikuweza kungoja. Yaliyobaki ni yako, sitayafanya mimi.

Asubuhi nenda kwa daktari wa wodi kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa. Mwambie dakika tisini, ekseli, bila maji, mtu ambaye hajawahi kuinua. Kisha mwambie Nthoki, mahali pa kukaa, mkiwa wawili, mama mkwe asiwepo. Usianze na gazeti wala na herufi. Anza hivi: "Dada, mimi ndiye niliyemfanyisha, aliniomba maji nikamnyima, na nilipoulizwa nilidanganya." Maneno ya kujieleza yaache, atayaomba akiyataka. Umwombe yeye aamue lini Maingi aambiwe, lakini Maingi asiendelee kudhani kwamba ni miguu yake iliyomwangusha. Hilo ndilo jambo pekee unaloweza kumwondolea mtu huyo leo.

Sitakuambia kwamba atapona. Daktari niliyemuuliza amesema wengine figo huamka baada ya wiki kadhaa na wengine haziamki, na kwamba hata kama angesimama mwenyewe kando ya kitanda kile asingeweza kuniambia zaidi. Huenda ukasema ukweli wote na bado Maingi akafa. Utausema hivyo hivyo.

Dada yako akikufukuza, ondoka bila kujitetea. Akikupiga, simama. Kesho yake, saa ya kuwaona wagonjwa, rudi ukae kwenye benchi la nje ya wodi, usiingie mpaka uitwe, na keshokutwa vivyo hivyo, ili siku atakapohitaji mtu wa kumshika mkono ama wa kumbebea mtoto, asilazimike kukutafuta.

Bi. Jecinta