Biatu pa Lupango

Kolwezi, tarehe 6 mwezi wa tano 1973

Kwako mudogo yangu Tshilombo,

Nasalimia wewe kwanza, kisha bwana yako Kabongo, kisha mugongo yake, maana najua ile mugongo ni mutu wa tatu mu nyumba yenu. Munalala muzuri? Mihogo ilitoka? Sisi tuko. Magoti yangu inakataa kila asubui, kisha inaona sina mwingine wa kubeba, inaamuka. Bwana yangu Tata Kalala anakohoa, lakini anakohoa na nguvu, basi haiko mugonjwa.

Sasa keti chini. Ku Lubumbashi banaleta maneje mwezi wa saba, juma mbili tu, kisha banaenda. Omer wa treni, huyu mwenye anakuletea barua, aliona bakishusha byuma. Iko farasi za mbao zenye kuzunguka. Iko mituka, motokaa midogo yenye kugongana na hakuna mutu anafungwa. Na iko gurudumu moja, Omer anasema inapita kanisa kwa urefu, banakaa bawili bawili mu biti, inabapandisha mpaka bamerudi.

Unakumbuka Madame? Miaka makumi ine sasa. Mi na wewe basichana, tunachunga batoto yake, tumesimama pa lupango, ile uzio ya maneje, tumeshika biatu, sababu pa farasi hapakuwa kupanda na biatu. Mi nilishika byeupe, wewe byekundu. Batoto banazunguka banatupungia mukono. Uliniuliza, "Yaya, na sisi siku gani?" Nikakuambia nyamaza, Madame anasikia. Ile neno ilinikaa mu shingo kama mwiba ya samaki. Leo nakujibu: mwezi wa saba.

Nimepanga yote. Utapanda treni pale Kasaji, mi nitaingia Kolwezi. Tutalala kwa Mianda, mutoto ya shangazi, kule Katuba. Mi nitakaanga kuku, wewe ulete mananasi.

Na hii ni sheria: bila mutoto. Hata moja. Niko na bajukuu kumi na moja, na kila mutu mwenye kuzaa mu hii familia akiona mugongo yangu anafikiri ni kitanda. Nilimwambia Kalala, mutoto yetu wa kwanza. Alicheka mpaka akaona mi sicheki. "Mama, maneje ni ya batoto. Mwanamuke muzee kule juu bila mutoto, batu batasema ni mulozi anatafuta njia." Nikamujibu: mulozi anaruka bure, halipi tiketi. Bamama ba kanisa nabo banauliza kama nilipata ruhusa ya bwana yangu. Bwana mwenyewe nilimwonyesha sufuria iko wapi. Hiyo njo ruhusa.

Nilizaa tisa. Nilifua, nilibeba, nilipangusa. Nataka kupanda kitu na mikono mitupu. Bila mutoto, Tshilombo. Tuone namna inakuwa.

Usicheke maandishi. Masomo hatukupata, ni mashuka ya batu tulishona majina kule foyer, nyumba yenye balifundisha banamuke kushona, na sindano njo ilitufundisha herufi. Mpaka leo uzi inanisikia kuliko kalamu.

Yaya yako,
Ngalula


Kasaji, tarehe 29 mwezi wa tano 1973

Kwa Ngalula, Kolwezi.

Barua ilifika. Kabongo anakusalimia, mugongo yake pia. Mihogo ilitoka. Mi niko.

Unaandika bila mutoto. Nilihesabu, uliandika mara tatu, na mahali ya "hata moja" ulikaza kalamu mpaka karatasi ilitoboka. Unanialika kama vile ni utamu yenye mi siijui. Ngalula, mi naenda soko bila mutoto. Naenda kilio bila mutoto. Siku ya Mungu nakaa mwisho ya benchi, sababu banahitaji nafasi ya batoto babo. Hii safari yako, mi niko ndani yake miaka makumi mbili.

Nasema makumi mbili, maana mbele ya ile nilikuwa na Ndaya. Ulinipa wewe mwenyewe. Kwetu mwenye kuzaa anapatia ndugu mwenye hakuzaa, haukuvumbua, lakini ulinipa na nilikushukuru kwa magoti. Alikuwa na miaka mbili. Nilikaa naye miaka tisa. Soko muzima ya Kasaji baliniita Mama Ndaya. Kisha barua yenu: Tata Kalala amesema mutoto arudi kwa baba yake, asome Kolwezi. Mulituma shemeji Nkulu. Nilikuwa namusuka Ndaya pale gare, nikasema tungoje nimalize, Nkulu akasema treni haingoji nywele. Alienda na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

Batu baliendelea kuniita Mama Ndaya. Mi mwenyewe nilibaambia baache.

Tafuta mwenzako mwingine wa gurudumu.

Tshilombo, muke ya Kabongo


Kolwezi, tarehe 20 mwezi wa sita 1973

Tshilombo,

Barua yenye nilikutumia juma mbili zimepita, Omer alinirudishia. Anasema haukufungua. Muzuri. Hii nashona na uzi mwekundu juu ya foronya ya muto. Haina bahasha ya kufunga. Ukiiona umeshasoma.

Haikukuwa Tata Kalala. Ilikuwa mi. Yeye hakusema kitu, nilitia tu jina yake.

Ndaya alikuya kwetu Pasaka ya ule mwaka, alishikwa na homa, akalia mama, mama. Niliingia mbio. Akaniangalia, akasema: si wewe.

Njo hiyo tu. Nilimuchukua sababu ya ile neno. Ubaya ni yangu, haiko ya mutu mwingine. Uzi inaisha.

Kuya.

Ngalula


Kasaji, tarehe 3 mwezi wa saba 1973

Kwa yaya Ngalula,

Mi niko. Kabongo iko. Magoti yako inaendelea? Ya kwangu ilianza nayo.

Foronya ilifika, lakini haikufika kwangu kwanza. Omer aliitandika mu mabega, upande ya maneno inje, anasema hakuna mutu alimukataza. Gare yote balisoma. Chef wa gare alivua kofia kama vile nimefiwa. Muke yake aliniletea unga. Wewe, hata kuomba musamaha unafanya na kelele.

Miaka makumi mbili nilimuchukia bwana yako. Alikuya ku kilio ya mama yetu na nilimupakulia bukari baridi ya unga ya mihogo, nikamuangalia akiimeza, nikafurahi. Na wewe ulikuwa umeketi pembeni yake, unakula ya moto. Hiyo utalipa, bado sijajua namna gani.

Nitakuya. Usifikiri nimekusamehe. Nakuya sababu ya gurudumu. Mi pia nilishika biatu.

Neno moja. Treni itasimama Likasi, na Ndaya alioleka kule. Aliniandikia mara tatu mu maisha yake. Sikujibu, maana pa mwisho ya barua sikujua nitie jina gani. Umwambie nitakaa ku dirisha. Sitashuka. Kama anataka kuniona, apande yeye. Na asilete batoto yake. Sheria ulitia wewe, tutaifuata.

Mananasi nitaleta. Kuku usitie pilipili, meno yangu imebaki kidogo.

Mudogo yako,
Tshilombo


Kolwezi, tarehe 5 mwezi wa nane 1973

Kwako mudogo yangu,

Ulifika? Ulishuka na magoti yote mbili? Kabongo alipika nini siku hizo zote, ao mugongo njo ilipika? Huku Tata Kalala alikaanga mayai mara kumi na ine na sasa anajiita mupishi. Mi niko muzima, lakini nina hasira, na nitakuambia ya nini.

Nakuandikia yenye haukuona, maana wewe ulikuwa juu na mi chini.

Kwanza mu treni. Wakati Ndaya alipanda pale Likasi, mulifikiri nimelala. Sikulala. Nilifunga macho, kinywa nikaacha wazi ili muamini. Niliona namna alikuya na kisanuo mu mukono, mwanamuke wa miaka makumi tatu na moja, mwenye batoto batano na makalio ya kuziba mulango. Hakusalimia. Aliketi chini pa miguu yako, akafungua kitambaa ya kichwa. Upande moja alikuwa ameisuka, upande ingine ameiacha. Akakupatia kisanuo. Na wewe ukaanza kusuka mahali uliachia. Mwanaume mwenye alikaa mbele yetu akauliza, "Mama, munaenda arusi?" Ukamwambia, "Nyamaza, nahesabu." Kisha mukafika nywele ya mwisho, mukabaki vile, na mi kinywa wazi mpaka inzi ikaingia. Niliimeza. Sikutaka kukohoa.

Kisha maneje. Ile treni, kwa kulala siku muzima pale Tenke, ilitufikisha siku yao ya mwisho, na siku ya mwisho ilikuwa ya batoto. Ulisikia ule mwanaume wa tiketi, mwenye masharubu. "Citoyennes, bamama, leo mutu mukubwa anapanda na mutoto tu. Bila mutoto, hapana." Mi, Ngalula, mwenye kutengeneza safari muzima juu ya kukosa mutoto. Nilitaka kumung'oa yale masharubu moja moja.

Nikashika mukono ya Ndaya, nikamusukuma mbele. "Mutoto njo huyu."

Masharubu akamuangalia kutoka kichwa mpaka chini. Batu mu mulongo bakaanza kucheka. Akasema, "Muzuri. Na mama yake ni nani?"

Tshilombo, hapa usikilize. Kinywa yangu ilikuwa imeshafunguka kusema mi. Nilizaa tisa, ile kinywa inajua njia peke yake. Wewe ulikuwa unaangalia chini. Haukungoja kitu, niliona hiyo, ulikuwa umesimama namna ile unasimama mwisho ya benchi. Nikasema kwa sauti mpaka bale ba farasi basikie: "Mama yake ni huyu. Mama Ndaya wa Kasaji."

"Basi hawa bawili bapande. Na wewe, nyanya, mutoto yako iko wapi?"

Nikamujibu, "Mi sina."

Njo vile nilibaki pa lupango. Na wewe, mupumbavu, ukavua biatu ukanipatia. Gurudumu haikuomba biatu. Hakuna mutu aliomba. Ndaya naye akavua sababu mama yake alivua. Nikasimama pale na biatu ine, kama vile Madame iko nyuma yangu.

Halafu umeme ikakatika. Mulikuwa juu kabisa. Nilimwendea Masharubu, nikamwambia kama hii kitu haizunguki nitapanda byuma na magoti yangu hii, na nikianguka nitaangukia yeye. Akasema tungoje. Tulingoja saa muzima. Batu bakaondoka, bakarudi na karanga. Mi nilikuwa naona tu nyayo ine, zinabembea. Mama moja akasema, "Kule juu banalia." Mwingine akasema, "Hapana, banacheka." Niliinua shingo mpaka ikauma, sikujua.

Mukashuka macho mekundu na kinywa ya kucheka, bote bawili. Mukachukua biatu. Hakuna mwenye aliniambia kitu, mpaka kwa Mianda, mpaka mu treni, mpaka Kolwezi.

Kesho yake bakafungua byuma, bakaenda. Kalala ananiuliza, "Mama, basi ulipanda?" Nilimwambia aende kubeba batoto yake mwenyewe. Bamama ba kanisa nabo banacheka. Bacheke. Mwaka ingine nitaenda tena, na bile byuma byote bitanipandisha, hata mituka ya kugongana, na nitagonga.

Sasa nijibu. Mulisema nini kule juu? Nilishika biatu saa muzima, niko na haki.

Yaya yako,
Ngalula


Kasaji, tarehe 22 mwezi wa nane 1973

Kwa yaya,

Nilifika. Magoti yote mbili ilishuka, moja mbele ya ingine. Kabongo alikula mihogo mbichi na anasema alishiba. Shingo yako ilipona?

Omer anakuletea mananasi tatu. Ni ya Tata Kalala. Umwambie ni ya ile bukari, yeye atajua. Wewe usikule hata kipande, nitauliza.

Foronya nimeitia mu muto. Nalalia upande yenye haina maneno. Siku moja nitageuza. Usinisukume.

Unauliza tulisema nini kule juu. Sitakuambia. Uliza hata na sindano, sitakuambia. Wewe ulikaa naye miaka makumi mbili, mi nilipata saa moja, na ile saa ni yangu na yake, haitashuka chini. Ndaya naye amekataa, nilimuuliza kwa barua mbele ya kukujibu.

Kitu kimoja nakupatia. Wakati ile gurudumu ilisimama, niliangalia chini na niliona kichwa yako. Ulikuwa unapangusa biatu byangu na kitambaa yako, moja moja, na ulikuwa unatukana. Nilimwonyesha Ndaya. Njo pale tulicheka.

Mwaka ingine, bakirudi, tutaenda siku ya batu bakubwa. Mi na wewe, mu kiti moja, bila mutoto hata moja. Ndaya atasimama pa lupango, atashika biatu. Amekubali. Anasema wewe ukae upande ya inje, sababu uko muzito.

Soko hapa balianza tena. Sikubaambia baache.

Mama Ndaya