Vipande Ulivyovikata Kwenye Demo ya Kutu

Chumba cha juu,
Karakana ya Baba.
9 Machi

Mpendwa binamu yangu, Fundi Mitambo,

Salamu tele kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi yangu na huyo mtoto mnayesema ameanza kusimama kwa kushika viti. Kifua chako vipi na hiyo baridi? Usijifanye shujaa, vaa soksi.

Sisi tupo. Mama anatembea vizuri, goti limetulia. Baba anakula akiwekewa. Mimi naenda kazini, narudi, nalala. Wewe si mtu wa kufichwa, kwa hiyo nakwambia: tangu tumzike mdogo wangu sijalia. Juzi kule kazini kwa dobi niliweka kiganja juu ya pasi ya moto, na aliyepiga kelele ni mwenzangu, si mimi. Watu wanasema nina moyo mgumu. Si ugumu. Hamna kitu tu humu ndani.

Najua utashangaa, barua ya karatasi zama hizi! Nyumba hii haina simu ya siri. Yangu ikilia, Mama anaweka spika na Baba anasogeza kiti. Nina jambo la kukuuliza, na sikutaka Baba alisikie jibu lake kabla yangu.

Ni habari ya ile demo.

Unakumbuka Jumapili mliyoirekodi hapa chini, wewe na kompyuta yako na hao vijana wa bendi ya Kutu na muziki wao wa metali. Godoro la mdogo wangu mlilisimamisha mlangoni, maikrofoni moja mkaining'iniza kwenye mnyororo wa kunyanyulia vyuma, na blanketi la Mama likaingia ndani ya drami kubwa, halikurudi kuwa blanketi tena. Baba alilalamika wiki nzima kwamba mmegeuza karakana yake kuwa machinjio, na huku kile kisimamio cha sahani za shaba za drami alikichomelea yeye mwenyewe, akakipiga na msasa juu. Halafu Koromeo, mwimbaji wao, alipoanza kuimba, kule kunguruma kwake, Mama akashuka mbio na glasi ya maji, akijua kijana wa watu amepaliwa. Jamani, tulicheka siku ile! Mdogo wangu alicheka mpaka vijiti vya drami vikamtoka mikononi.

Tangu mdogo wangu alipoanguka kutoka kwenye paa la lile ghala alilokuwa akichomelea, Baba hajawasha mashine. Asubuhi anafungua karakana, anakaa. Koromeo alimwekea demo kwenye simu, zile nyimbo nne ulizosafisha ukazituma, na mzee aliyekuwa akizima redio hata ikitangaza habari sasa anasikiliza Kutu tangu chai hadi chakula cha mchana. Majirani wameshazoea. Fundi viatu wa mlango wa pili ananiambia wimbo wa tatu unamsaidia kugonga misumari.

Wiki iliyopita Baba aliniita, akaniuliza mwanawe ni yupi humo. Nikamwambia ni huyo anayepiga drami. Akasema, "Kupiga nakusikia. Anasema wapi?"

Nimetafuta, binamu. Simu yake ilivunjika naye. Kwenye yangu hakuna sauti yake hata moja. Yeye alikuwa mtu wa kuandika "poa" na "sawa" na "nakuja", kisha haji. Kwenye video ya harusi yako anaonekana vizuri kabisa, anatafuna. Mtu ameongea maisha yake yote, tena alikuwa msemaji yule, na hatujabaki na neno.

Jumamosi Koromeo akaja kutujulia hali. Huyu ukimkuta dukani anakouza rangi, mpaka uinamie kaunta ndipo umsikie. Baba alipomuuliza swali lile lile, akamjibu kwa hiyo sauti yake ndogo, "Lakini Mzee, yeye ndiye aliyekuwa anatuhesabia. Kila wimbo. Moja, mbili, tatu, nne, ndipo tunaingia. Ilikatwa wakati wa kusafisha." Kumbe ulikata na Mama na maji yake, na vicheko vyote, ili nyimbo zianze na gitaa moja kwa moja kama za wakubwa. Sikulaumu hata kidogo. Ndivyo kazi yenu inavyofanywa, na Koromeo anasema mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyekuganda uzikate hizo hesabu, eti sauti yake ilikuwa ya kitoto.

Baba akauliza vipande vimewekwa wapi.

Unamjua mjomba wako. Hajawahi kutupa kipande. Chuma chochote anachokikata, mabaki yanaingia kwenye lile pipa la nyuma ya mlango, hata kiwe kirefu kama kidole tu, na kweli iko siku kinatafutwa na kinapatikana. Kwa hiyo kwake mambo yamekwisha: kimekatwa, basi kipo, na mwenye pipa ni wewe. Nilishindwa kumweleza kwamba kwenye kompyuta mtu anaweza kukata na kusibaki kipande. Jana amefagia karakana yote. Amekifuta vumbi kile kiti cha drami. Amemwambia Mama umeshaahidi kuileta hiyo sauti, na wewe hata hujui.

Basi naomba hivi. Fungua ile kompyuta ya zamani, kama bado unayo, utafute rekodi mbichi. Ukiikuta, usisafishe. Usipunguze kelele, acha vikohozi, acha Mama aingie na glasi yake. Wala usinipigie mimi. Mpigie Baba, asubuhi akiwa chini karakanani, na usimsalimie sana. Mwekee tu asikie.

Kama haipo, usijitese, hukukusudia. Hapo ndipo unipigie mimi, mchana nikiwa kazini. Ongea lolote, niulize hata mvua, nitaelewa. Nitarudi nyumbani nimwambie mwenyewe.

Shangazi, mama yako, anakusalimu, na anasema picha za mjukuu wake unazileta kwa kijiko. Mama anamsalimu sana wifi na kumbusu mtoto. Koromeo na mpiga gitaa nao wanakusalimu. Hawajatafuta mtu wa drami, na hakuna aliyewauliza. Mungu awafunike huko mliko, awape pumzi na usingizi.

Mimi nipo kwenye pasi kila siku mpaka jioni. Simu naiweka kwenye mfuko wa aproni, mahali ambapo hata nisipohisi kitu nitaihisi ikitetemeka. Naomba isilie.

Ni mimi, dada yako akupendaye,
Mpiga Pasi